Takwimu za uhalifu si mali ya polisi

Mlinzi wa lango huko Karen akishikwa na jenereta ya mwajiri wake, kosa lake lina mstari wake katika jedwali la taifa. Unaitwa wizi wa mtumishi, nao umewekwa sambamba na mauaji, unyang'anyi, uvunjaji wa nyumba, wizi wa mifugo, dawa za kulevya na hata makosa yanayohusu watalii. Jedwali hilo huandaliwa na polisi, hupelekwa kwa Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, kisha huchapishwa kila mwaka katika ripoti ya hali ya uchumi. Asili yake ni ya kale. Kanuni ya Adhabu yenyewe, katika kifungu cha 281, bado inamtenga karani au mtumishi anayemwibia mwajiri kama mhalifu wa aina ya pekee, vile vile kama ilivyokuwa enzi za walowezi.

Mlinzi huyo huyo akikamatwa akitoka kazini na watu wasiovaa sare, akatiwa ndani ya gari lililofichwa nambari za usajili, na nyumbani asifike, hana mstari. Lisome jedwali lote kutoka juu hadi chini: aliyetoweshwa na vyombo vya dola hamo. Aliyeuawa kwa risasi ya polisi hana mahali pake. Upo mstari wa makosa yanayowahusu maafisa wa polisi, lakini huo kazi yake kubwa ni kuhesabu hongo. Taifa limejua kwa miaka mingi kuhesabu ng'ombe walioibwa na jenereta zilizobebwa na mabawabu. Watu wanaopotelea mikononi mwa serikali halijataka kuwahesabu.

Huku ni kushindwa kutimiza wajibu, na tunawataja wanaopaswa kujibu: Inspekta Jenerali wa Polisi, Waziri wa Usalama wa Ndani, KNBS na Bunge. Katiba ya 2010 haikuwaomba. Kifungu cha 244 kinaitaka Huduma ya Taifa ya Polisi izuie ufisadi na kutekeleza uwazi na uwajibikaji. Kifungu cha 240 kinalitaka Baraza la Usalama wa Kitaifa liripoti Bungeni kila mwaka kuhusu hali ya usalama nchini. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 imeeleza njia ya kuzipata. Anayeficha idadi ya waliokufa anavunja sheria ya nchi, hata akiwa amevaa nyota mabegani.

Tuzitazame takwimu zenyewe kwa makini. Mwaka 2019 polisi waliandikisha makosa 93,411 nchini kote. Mwaka 2020 yakashuka hadi 69,645, upungufu wa zaidi ya robo. Mtu anayesoma tarakimu hizo bila kukumbuka mwaka ule ulivyokuwa atadhani Wakenya walitubu. Lakini kafyu ya korona ilianza tarehe 27 Machi 2020, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Siku tatu baadaye mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao Kiamaiko, polisi wakitekeleza kafyu hiyo. Wezi wa barabarani walipungua, ndiyo. Lakini mwanamke aliyepigwa na mumewe saa mbili usiku angefikaje kituoni bila kukamatwa yeye mwenyewe? Aprili mwaka huo Jaji Mkuu wa wakati huo, David Maraga, alionya kuwa kesi za makosa ya kingono zimeongezeka. Onyo lake na tarakimu za polisi zinaelekea pande mbili tofauti, na sisi tunaamini onyo.

Tena sensa ya 2019 ilipata Wakenya milioni 47.6. Ukigawanya, unapata makosa yasiyofika 200 kwa kila watu 100,000. Polisi wa Uingereza na Wales huandikisha zaidi ya makosa milioni 5 kwa mwaka kwa idadi ya watu isiyozidi yetu kwa mbali, yaani kiwango kinachozidi chetu zaidi ya mara 40. Hakuna mkazi wa Nairobi, awe wa Karen au wa Kawangware, atakayekubali kwamba London ni hatari mara 40 kuliko kwake. Tofauti hiyo ni ya makosa ambayo hapa kwetu hayafiki kituoni, au hufika yakaishia kwenye kaunta.

Kaunta hiyo inastahili kuangaliwa kwa karibu, maana takwimu za taifa huzaliwa hapo. Karen ni wadi ya eneobunge la Lang'ata. Makazi rasmi ya Naibu wa Rais yako huko, na Chuo cha Sheria cha Kenya kiko huko, mahali mawakili wetu wanapofunzwa kabla ya kuapishwa. Kuna ua wa michongoma uliokatwa vizuri, nyaya za umeme juu ya kuta na mabango ya kampuni za ulinzi kwenye kila lango. Na ndani ya Karen hiyo hiyo kuna Kuwinda, mtaa wa mabanda, wanakolala baadhi ya wale wanaofungua malango hayo, wanaofua nguo na kufyeka nyasi.

Mwenye nyumba akivunjiwa, ataenda kituoni hata kama hana imani kwamba mwizi atapatikana. Atakwenda kwa sababu kampuni ya bima haitamlipa bila abstrakti ya polisi, na abstrakti haitoki bila nambari ya OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo. Kosa lake litaandikwa, litapewa jina lake la kisheria, litaingia katika hesabu.

Sasa mfikirie yaya anayetoka Kuwinda alfajiri kwenda kupika chai ya watoto wa watu. Vijana wawili kwenye bodaboda wanamtolea kisu, wananyakua mkoba wenye simu na kitambulisho. Hana bima, lakini anahitaji nambari ya OB ili apate kitambulisho kingine na kurudisha laini yake ya simu, ambayo ndiyo benki yake. Anafika kwenye kaunta ya kituo chochote kile cha jiji hili. Afisa anafungua kile kitabu kikubwa cha jalada gumu, anatazama saa, anaandika nambari ya tukio na tarehe kwa kalamu. Kisha anauliza, bila ubaya wowote, "Mama, simu imepotea ama?" Nyuma yake kuna foleni, na kazini ameshachelewa. Anajibu kwamba imepotea. Mstari mmoja wa wino unamalizika: ameripoti kupotelewa na simu na kitambulisho. Anakatiwa kipande cha karatasi chenye nambari ya OB, anashukuru, anaondoka.

Kilichotokea barabarani ni unyang'anyi wa kimabavu, kosa ambalo kifungu cha 296 cha Kanuni ya Adhabu kimeliwekea adhabu ya kifo. Kilichoandikwa kitabuni si kosa kabisa. Hakuna mpelelezi atakayetumwa, na doria haitabadilishwa. Mwisho wa mwaka takwimu zikipangwa kwa maeneo, zitatuonyesha mahali wenye bima wanapokaa. Kisha magari, mafuta na maafisa hugawanywa kwa kufuata takwimu hizo hizo, na yaya anaendelea kupita njia ile ile saa kumi na moja asubuhi. Mkazi wa Karen anayedhani jambo hili halimhusu akumbuke kwamba wanaomnyang'anya yaya wake alfajiri hawaishii kwa mayaya.

Hatumlaumu konstebo wa kaunta peke yake. Jopokazi la Maraga kuhusu mageuzi ya polisi, lililomkabidhi Rais ripoti yake Novemba 2023, lilieleza mazingira duni ambamo maafisa hawa wanafanya kazi, na kabla yake jopo la Ransley la 2009 lilikuwa limesema mengi ya aina hiyo. OB ya kidijitali imetangazwa mara kadhaa na wakubwa mbalimbali. Tunaiunga mkono, lakini kompyuta inayoulizwa "imepotea ama?" itaandika kupotea vile vile. Tatizo la msingi ni kwamba anayehesabu ndiye anayehukumiwa kwa hesabu hiyo. Mkuu wa kituo ambaye tarakimu zake zinapanda huonekana ameshindwa kazi; zikishuka, hupongezwa. Mkuu wa kaunti yuko hivyo hivyo, na Inspekta Jenerali pia. Kesi ya nyani imepelekewa ngedere kuanzia ngazi ya chini hadi juu kabisa.

Wengine wamelikabili jambo hili bila nchi yao kuporomoka. Mwaka 2013 konstebo mmoja wa London, James Patrick, aliieleza kamati ya Bunge la Uingereza jinsi makosa yanavyopunguzwa makali au kuachwa kuandikwa ili tarakimu zipendeze. Januari 2014 mamlaka ya takwimu ya nchi hiyo ikaziondolea takwimu za polisi hadhi ya takwimu rasmi za taifa. Novemba mwaka huo wakaguzi wa polisi wakatoa matokeo yao: kati ya makosa yaliyoripotiwa, asilimia 19 hayakuandikishwa, zaidi ya 800,000 kwa mwaka. Katika makosa ya kingono, zaidi ya robo yaliachwa. Waliweza kuyafichua haya kwa sababu tangu 1982 nchi hiyo ina utafiti wa nyumba kwa nyumba unaowauliza wananchi wenyewe wamefanyiwa nini, bila kupitia polisi. Afrika Kusini, ambako mwaka 2000 serikali ilisitisha kwa muda kutoa takwimu za uhalifu, sasa huzitoa kila robo mwaka, kituo kwa kituo, na shirika lake la takwimu huwahoji waathiriwa majumbani. Mkazi wa kitongoji cha Johannesburg anaweza kujua kituo chake kiliandikisha mauaji mangapi katika miezi mitatu. Mkazi wa Karen hawezi.

Yote hayo yanahusu uhalifu wa raia kwa raia. Pale anayetuhumiwa anapokuwa serikali yenyewe, hali ni mbaya zaidi.

Usiku wa kuamkia tarehe 8 Juni 2025, Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu aliyekuwa amekamatwa Homa Bay na kuletwa Nairobi, alifariki akiwa mikononi mwa polisi katika Kituo Kikuu cha Polisi, katikati ya jiji. Taarifa ya polisi ilisema alijigonga kichwa kwenye ukuta wa seli. Upasuaji wa maiti ukaonyesha majeraha ya kichwa, kukandamizwa shingo na majeraha mengine mwilini, ambayo madaktari walisema hayalingani na mtu aliyejiumiza. Tarehe 11 Juni Inspekta Jenerali Douglas Kanja alisimama mbele ya Seneti, akaiondoa kauli ya kwanza na kuomba msamaha. IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendakazi wa polisi, ikaeleza kwamba kamera za kituo zilichezewa. Watu kadhaa, wakiwemo maafisa wa polisi, wameshtakiwa kwa mauaji na wamekana; mahakama itaamua.

Lakini fikiria kama familia isingekuwa na wakili, kama madaktari wangenyamaza, kama vijana wasingejaa barabarani. Kauli ya kwanza ingebaki. Kifo cha Ojwang kingeingia vitabuni kama cha mtu aliyejiua, na jedwali la mauaji la mwaka huo lingepungukiwa na mtu mmoja. Ni wangapi wamehesabiwa hivyo bila wakili na bila maandamano? Bunge lilipitisha Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Wachunguzi wa Vifo mwaka 2017 ili vifo vya namna hii vichunguzwe na ofisi isiyo ya polisi. Hadi Ojwang anafariki, ofisi hiyo haikuwa imeanza kazi. Serikali zilizofuatana zimeikalia sheria hiyo, na kila moja inabeba lawama.

Tarehe 30 Juni 2024, siku tano baada ya vijana waliokuwa wakiandamana kuingia Bungeni, Rais William Ruto aliwaambia wanahabari kwenye runinga kwamba waliokufa ni 19. Kesho yake Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu, KNCHR, ilisema ni 39, na majeruhi 361. Hesabu ya tume ilipanda baadaye hadi kupita 60. Mwaka uliofuata, siku ya maandamano ya Saba Saba, tarehe 7 Julai, polisi walisema waliofariki ni 11. Hesabu ya tume ilifika 38. Kumbuka kwamba tume hiyo ni chombo cha kikatiba, inalipwa kwa kodi ile ile inayowalipa polisi. Dola moja imetoa idadi mbili za maiti kwa siku moja, na hakuna kamati ya Bunge iliyoziketisha pande hizo mbili mezani, jina kwa jina, hadi hesabu zikalingana.

Tume ya Waki iliwahi kufanya kazi hiyo. Baada ya ghasia za 2007 na 2008, haikutosheka na maneno ya wakubwa; ilitafuta rekodi za hospitali na mochari, ikapata vifo 1,133, na ikasema wazi kuwa 405 vilitokana na risasi. Idadi hiyo ndiyo iliyofanya isiwezekane tena kudai kwamba wananchi waliuana kwa mapanga tu. Inawezekana basi kuwahesabu wafu wa nchi hii kwa haki. Imekwishafanywa.

Wanawake wa Kware nao hawajapata hesabu. Julai 2024 miili iliyokatwakatwa ilipatikana kwenye machimbo yaliyogeuzwa jaa la taka, Mukuru kwa Njenga, umbali usiofika mita 100 kutoka kituo cha polisi. Siku chache baadaye Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI, ilitangaza kwamba mshukiwa amekiri kuwaua wanawake 42 tangu 2022. Wakili wake aliiambia mahakama kuwa mteja wake aliteswa ili akiri. Agosti 20 mshukiwa akatoroka katika Kituo cha Polisi cha Gigiri. Ikiwa 42 ni idadi ya kweli, basi wanawake 42 walitoweka katika jiji hili kwa miaka miwili, na ni lazima OB za vituo vyetu ziwe na mama, dada na marafiki waliokuja kuripoti. Zionyeshwe. Ikiwa si ya kweli, basi idara ya upelelezi ilisimama mbele ya taifa na kutangaza idadi ambayo haikuithibitisha, katika mwaka ambao polisi wenyewe walisema wanawake 97 waliuawa kwa miezi mitatu tu. DCI haiwezi kuliacha jambo hilo likasahaulika.

Kuhusu waliotekwa nyara, KNCHR ilisema Desemba 2024 kwamba tangu Juni mwaka huo imepokea visa 82, na watu 29 walikuwa bado hawajulikani walipo. Inspekta Jenerali alikana kwamba polisi wanahusika. Muungano wa mashirika ya kutetea haki, Missing Voices, kwa mwaka huo uliandikisha visa 55 vya kutoweshwa na mauaji 104 ya polisi. Ndiyo, tarakimu za mashirika haya hazilingani, kwa kuwa kila moja linahesabu yale yanayoufikia mlango wake na kwa vigezo vyake. Wasemaji wa serikali hupenda kuitumia tofauti hiyo kuyabeza yote. Sisi tunasema tofauti hiyo ni ushahidi dhidi ya serikali, kwa maana yenyewe ndiyo yenye vituo, magereza, mochari na rekodi za simu, na haijatoa orodha yoyote ya kulinganisha. Wala wakubwa hawajasalimika. Justin Muturi, ambaye mwanawe alitekwa Juni 2024 yeye akiwa Mwanasheria Mkuu wa serikali, aliandikisha taarifa kwa DCI Januari 2025 akilalamika kwamba hajapata majibu. Kama mshauri mkuu wa kisheria wa Jamhuri hakujibiwa, mama wa Kuwinda atajibiwa na nani?

Tutaambiwa kwamba haya ni mambo ya usalama wa nchi. Siri za operesheni tunazielewa na hatuziombi. Idadi ya raia waliokufa, majina yao na kituo walichokuwa wakishikiliwa si siri ya kivita. Kenya ilitia sahihi mkataba wa kimataifa wa kuwalinda watu dhidi ya kutoweshwa mwaka 2007, na kuuridhia imekataa mpaka sasa. Kanuni ya Adhabu haina kosa hilo kwa jina lake. Bila kosa hakuna mstari, na bila mstari Waziri anaweza kusimama Bungeni na kusema hana takwimu, tena kwa ukweli mtupu.

KNBS isikubali tena kuwa mpiga chapa wa polisi. Sheria ya Takwimu ya 2006 imeipa wajibu wa kusimamia takwimu rasmi za nchi, na shirika lenye wajibu huo haliwezi kupokea jedwali lililokwisha kujazwa, likalichapisha chini ya nembo yake bila kufungua hata OB moja. Lichague vituo kwa kura, Karen ikiwemo na Kilimani na Kibera, lisome vitabu ukurasa kwa ukurasa, lilinganishe na madaftari ya mochari na fomu za P3, kisha litangaze ni makosa mangapi yaliyoandikwa kuwa vitu vilivyopotea. Liwatume pia watafiti wake nyumba kwa nyumba kila mwaka kuuliza yaliyowapata watu. Kama fedha ni tatizo, liseme hivyo mbele ya Bunge, na Bunge lililoidhinisha mabilioni kwa ajili ya magari na vitoa machozi litafute fedha hizo.

Kamati ya Bunge la Kitaifa inayosimamia usalama wa ndani ianze na ripoti ya kila mwaka ambayo kifungu cha 240 kinaidai: ijadiliwe hadharani, kiambatisho cha takwimu kikiwa wazi. Iwaite Inspekta Jenerali, IPOA na KNCHR siku moja, kwenye chumba kimoja, kila mmoja na orodha yake ya waliokufa tangu Juni 2024, wala wasitoke mpaka kila jina liwe limekubaliwa au limekanushwa kwa ushahidi.

Na jedwali lenyewe libadilishwe kabla ya ripoti ijayo ya uchumi kuchapishwa. Wizi wa mtumishi ukitakiwa kubaki, ubaki. Chini yake iongezwe mistari miwili, mmoja wa waliouawa na maafisa wa usalama na mwingine wa waliotoweka baada ya kukamatwa. Ikiwa Inspekta Jenerali anashikilia kwamba polisi wake hawajamtowesha yeyote, aandike sifuri kwenye mstari huo, kwa kaunti na kwa kituo, na atie sahihi yake chini ya kiapo.